Kimya Mpaka Msalabani

Mgeni aliingia uani mwa kanisa wakati Yesu anatapika nyuma ya choo.

Yesu wa mwaka huo alikuwa Vincent, na malaria ilikuwa imemkamata usiku. Nje, mjini Voi, watu walikuwa wamejipanga barabarani tangu asubuhi kungoja Njia ya Msalaba. Mwalimu Wakesho, aliyewafundisha vijana maigizo, alishika kiuno.

"Sasa tutamsulubisha nani, jamani?"

"Mimi," mgeni akasema. "Nimekuja kwa hiyo kazi."

Alikuwa mwembamba, amefunga shati mpaka kifungo cha shingo ingawa jua lilikuwa kali. Alisema anaitwa Muasya.

"Unaijua desturi yetu? Ukishavaa taji, hakuna neno mpaka msalabani. Hata ukikanyaga msumari."

"Naijua. Nilifundishwa."

"Na nani?"

Ngoma ikalia. Mwalimu hakungoja jibu. Alimvika kanzu juu ya shati lile lile, akamkandamiza taji la miiba kichwani.

Derrick, askari wa Kirumi, alitazama bila hamu. Miaka yote iliyopita Yesu alikuwa Donald, ndugu yake, na kumpiga kulikuwa raha yao wawili. Donald alikuwa na kipaji cha kuliza mawe. Watu walimwambia aende Nairobi, kwenye televisheni. Yeye alicheka tu, akasema aliyempa sauti ndiye wa kwanza kuitumia, akaendelea kuzunguka makanisani kutoka Mahoo mpaka Kasigau, akiigiza na kuhubiri.

Februari, katika soko moja kwenye barabara ya Mombasa, mtu alipiga kelele "Mwizi!" akamnyooshea kidole Donald, asiyehusika, na umati ukamvamia. Donald alirudi nyumbani ndani ya sanduku. Mama yao alipomwosha aliona jeraha moja tu, la jiwe, kisogoni. Msalaba mdogo wa mpingo ambao Derrick alimchongea, uliobanduka mkono mmoja, haukuonekana tena.

Msafara ukatoka. Kiboko cha Derrick kilikuwa nyuzi laini za mkonge zilizochovywa kwenye rangi nyekundu. Kiliwaliza watazamaji, aliyepigwa hakusikia kitu. Karibu na soko Muasya alianguka kama mchezo ulivyotaka. Kifungo cha shingo kikakatika. Msalaba mdogo ukaning'inia nje ya shati.

Ulikuwa wa mpingo. Mkono mmoja umebanduka.

Derrick aliinama kama askari anayetukana. "Umeutoa wapi huu?"

Kimya.

"Siku waliyomuua ndugu yangu, ulikuwepo?"

Macho ya Muasya yalijaa maji. Midomo ilifunguka, ikafungwa. Kisha akaitikia kwa kichwa.

Derrick alitupa mkonge. Kwenye pikipiki iliyoegeshwa kando alinyakua mpira wa kufungia mizigo, wenye kulabu ya chuma kwenye ncha.

Pigo la kwanza lilimlaza Muasya kifudifudi. La pili lilipasua kanzu. Kulabu ilimnasa sikio, ikalichana, na damu ikamwagika kwenye lami.

"Wameiva mwaka huu!" kijana mmoja alisema, simu juu. Kina mama walilia kwa sauti.

Bwanaheri, mwenye duka la vitambaa, hutoka kila Ijumaa Kuu kuwanywesha waandamanaji maji kabla hajaenda msikitini. Alisimama na jagi lake, akakunja uso.

"Wee askari! Damu hiyo si ya kopo. Mche Mungu, mwanangu!"

"Kaa na maji yako, mzee."

Njia ikaanza kupanda kuelekea kilima cha Mwakingali. Derrick alimpiga teke la mbavu na kitu kikalia ndani, kama ukuni mkavu.

"Lia, basi," alinong'ona. "Omba msamaha. Neno moja tu, niache."

Muasya aliushika mti wa msalaba alioubeba, akajiinua goti kwa goti.

Mwalimu Wakesho alikuja mbio kutoka mbele. "Derrick! Utamuua mtoto wa watu!" Alimshika mkono, Derrick akamsukuma. Mwalimu akamgeukia Muasya. "Sema tuache! Nimekuruhusu, sema!"

Muasya alitikisa kichwa. Akaweka kidole chenye damu midomoni, akaendelea kupanda.

Kileleni, kabla ya kumfunga, Derrick alirarua kanzu pamoja na shati ili watu waione kazi yake. Mkono wake ukabaki hewani.

Chini ya michirizi mibichi palikuwa na mgongo mwingine, wa zamani kidogo: makovu ya mawe, mkato mrefu wa panga, ngozi iliyokunjamana kwa moto, toka shingoni hadi kiunoni. Kifuani hapakuwa na alama hata moja.

Vidole vya Derrick vilishindwa na kamba. Askari wenzake wakafunga, wakauinua msalaba. Sasa desturi ilimruhusu kusema. Muasya alitema damu, akamtafuta Derrick kwa jicho moja lililobaki wazi.

"Nilimlalia nimkinge," alisema, "lakini jiwe moja likanipita. Kabla hajakata roho alinivalisha msalaba wake, akaniomba Ijumaa Kuu nisimame mahali pake, na nisiseme neno mpaka hapa."