Kikohozi cha Mwalimu Mkuu

Mwalimu mkuu alitemea mate kitambaa, akafuta kioo cha kishikwambi cha mwisho, kisha akamkabidhi mwanafunzi kwa mikono miwili kama mtu anayetoa zawadi.

"Sikilizeni tena," alisema. "Nikikohoa mara moja, mnatelezesha kidole. Nikikohoa mara mbili, mnacheka kidogo, kama mmeona kitu kizuri."

"Mwalimu, tucheke meno nje au kimoyomoyo?" aliuliza msichana wa dawati la mbele.

Darasa zima likaangua kicheko.

"Hicho hicho! Kiwekeni mpaka mgeni aingie."

Kando ya ubao alisimama mwalimu wa sayansi, ambaye watoto walimwita Babu Chaki. Alivihesabu kwa macho. Vishikwambi arobaini, na hakuna hata kimoja kilichowaka tangu mwaka jana. Betri zilikuwa zimevimba kabatini kama vyura waliokufa.

Hakuwa adui wa mashine. Wiki ile vilipoletwa, aliwaonyesha watoto moyo wa mtu ukidunda, milango yake ikifunguka na kujifunga, akakiri mbele yao kwamba chaki haina ubavu huo. Lakini wenzake walivitumia kuonyesha jedwali la kuzidisha, kazi ambayo ubao ungeifanya bila jasho. Nyaya za kuchajia zikapotea mmoja mmoja. Sasa kabati lilifunguliwa siku za ukaguzi tu.

Na ukaguzi wa leo ulikuwa na uzito wake. Mkaguzi angeamua kama shule iongezewe vishikwambi vingine arobaini au ipewe madawati. Upande wa pili wa ukuta, darasa la kwanza walikuwa wanaandika wamelala kifudifudi sakafuni, pua zikigusa daftari, vumbi la saruji likiwaingia machoni.

"Mzee, leo usiniharibie," mwalimu mkuu alimnong'oneza.

"Kusoma nilikufundisha mimi. Kudanganya ulijifunzia wapi?"

"Masomo ya ziada, mzee," alijibu yule, akaenda kusimama mlangoni.

Mkaguzi aliingia akinukia manukato, kishikwambi chake kikubwa kikiwa ndani ya mkoba wa ngozi. Akakitoa, akakilaza juu ya mkono wake wa kushoto.

Kikohozi kimoja. Vidole arobaini vikateleza.

Vikohozi viwili. Darasa likacheka, tena kwa adabu.

Mkaguzi alipita katikati ya madawati, akainama juu ya bega la huyu na la yule, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Safi sana," alisema, na kidole chake kikakimbia juu ya kioo. Babu Chaki akajiuliza kama mtu huyu alipewa macho au vifungo vya shati. Msichana wa mbele alikuwa anatelezesha kidole kwa ustadi wa kutisha, uso umekunjamana kama anasoma kweli. Hilo ndilo lililomchukiza mzee kuliko yote. Somo la leo lilikuwa limeeleweka.

Mgeni alipotoka, Babu Chaki alimfuata mpaka mwisho wa korido.

"Bwana mkaguzi, vile vitu vimekufa. Vyote arobaini. Watoto wamefundishwa kukudanganya, na mimi nilisimama pale nikatazama. Chungulia darasa la kwanza uone wanavyoandika. Tunahitaji madawati. Tafadhali, andika hilo."

Mkaguzi akafungua tena mkoba wake wa ngozi, akakitoa kishikwambi chake. Kidole kikaanza kwenda taratibu, mstari baada ya mstari.

"Madawati," alisema. "Nimeandika, mzee wangu. Neno kwa neno, kama ulivyosema."

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, Babu Chaki akatabasamu. Kumbe bado kuna watu.

"Weka sitini," alisema mzee. "Wasije wakatuletea ishirini."

"Sitini. Nimeweka."

Babu Chaki akavaa miwani yake, akasogea kuhakikisha tarakimu.

Kioo kilikuwa cheusi tii. Ndani yake aliuona uso wake mwenyewe, na juu ya uso huo kidole cha mkaguzi kikiendelea kuandika.