Bonge la Chaki

Mhando alipoitwa kunyanyua chuma, alitia mkono mkobani kutafuta bonge lake la magnesiamu, ile chaki nyeupe ya kukaushia viganja. Akakuta vumbi tu. Akamgeukia mkewe Zaina, mjamzito, aliyeketi safu ya mbele ya watazamaji akilamba midomo.

"Mama kijacho, chaki yangu iko wapi?"

"Kumbe chaki? Mie nilidhani umeninunulia udongo wa kutafuna, nikakuombea na dua. Hata kiungulia kimeniachia."

"Umeimaliza yote?"

"Kaimaliza mwanao."

Mwamuzi akaita kwa mara ya mwisho. Viganja vya Mhando vilichuruzika jasho. Zaina akainuka kwa kujikongoja, akamkunjulia mikono yake iliyojaa weupe wa chaki. Mhando akaishika, akaisugua kwa nguvu, na ukumbi mzima ukapiga vigelegele, ukidhani ni mapenzi.