Komeo la Siwema

Bosi Chande alibisha hodi kwa Siwema, yeye ambaye hakuwa na desturi ya hodi. Siwema alipokuwa akiwachezea dansi watu wazima ukumbini kwa Chande, chumba cha kuvalia hakikuwa na komeo, na bosi aliingia alipotaka.

"Rudi bwana, Siwema. Ukumbi umebaki viti vitupu."

"Watazamaji wangu wako humu mtandaoni," alisema Siwema, akimwonyesha simu. "Nawachezea hapahapa kwangu. Asiye na adabu namtoa mwenyewe."

"Na mimi nikilipa kiingilio?"

"Lipa, bosi. Nitakufikiria."

Akacheka, akafunga mlango, akasukuma komeo. Ndani muziki ukaanza. Bosi akabaki barazani, simu mkononi, akisubiri kuruhusiwa kuingia.