Picha ya Tanzia

Kompyuta ya marehemu iligoma kuwaka, kwa hiyo fundi Mshamu akachomoa diski, nyembamba kama chingamu, akaitia kwenye kikasha cha bati na kukiunganisha kwa waya na kompyuta yake. Kitaa cha kikasha kikawaka.

"Nitafutie picha nzuri ya mume wangu," Tunu alimwambia, "ya kuweka kwenye tangazo la tanzia."

Fundi alifungua faili lililoandikwa "Tanzia", akarudisha kiti nyuma. Tunu akasogea kutazama. Tangazo lilikuwa tayari, limezungushiwa maua, maziko Jumapili hii. Jina lililoandikwa ni Tunu, na picha ni ya Tunu, anacheka.

Mumewe alilihifadhi siku mbili kabla ya kufa kwake.

"Shemeji!" mdogo wa marehemu aliita kutoka nje, katikati ya vilio. "Picha imepatikana?"