Utepe Mweusi

Mlango wa darasa ulifungwa kwa nje, moshi ukajaa, na majeruhi wa kuigiza wakaanza kulia. Muuguzi Tunu, aliyekuwa akiandaliwa kwenda vitani, alipewa tepe: nyekundu kwa wa kutibiwa kwanza, nyeusi kwa asiye na tumaini. Ukishafunga nyeusi, unapita.

Alimfunga nyeusi mkononi Bi Mashavu, muuza vitumbua aliyepakwa rangi ya damu kifuani. Bi Mashavu akamng'ang'ania mkono.

"Usiniache, mwanangu."

"Mama, tunaigiza tu."

"Najua. Usiniache."

"Tunu, pita!" mkufunzi alifoka.

Tunu akajinasua, akapita.

Filimbi ilipolia, wote waliinuka wakicheka. Tunu alirudi mbio kufungua utepe. Fundo likagoma.

"Acha tu, sista," alisema Bi Mashavu, akashusha mkono wa dera kuufunika.