Simu Iliyofagiwa

Siku yake ya mwisho kazini, mkurugenzi aliweka simu ya ofisi mezani pangu. Kioo kilikuwa bado na joto la kiganja chake.

Kazi yangu ni kupokea kumbukumbu za wakubwa wanaoondoka. Kiwanja cha hospitali kiliuzwa kinyemela kwa ujumbe alioutuma mkurugenzi huyu kutoka simu hiyo.

Niliiwasha. Ufa wa pembeni ulikuwa uleule, ila kioo kilisema: "Karibu. Chagua lugha."

"Umefuta kila kitu, mzee."

"Mtu akihama si anafagia, mwanangu?" Akacheka. Yeye ndiye aliyeniajiri, na kwenye harusi yangu alisimama mahali pa baba.

Nilingoja hasira inipande. Nilisikia feni tu.

Utaratibu unataka simu kama hiyo ifungiwe bila kuguswa, ipelekwe kwa mafundi, huenda wakaokoa chochote. Ikishaanza kutumika upya, basi tena.

Mkurugenzi mpya akaingia, mkono ameshaunyoosha. "Hiyo ndiyo simu yangu? Iko tayari?"

Wote wawili wakanitazama.

"Bado kidogo," nilisema. Nikachagua lugha, kisha nikabonyeza Endelea.