Pipa la Kitangari

Mume wa Dorika alinunua boti kuukuu ya mbio huko Mtwara, akaipandisha kwa lori mpaka Kitangari, ambako maji hufuatwa bondeni. Kijiji kizima kilicheka.

Injini yake mbovu ilipotengenezwa ikapona, haikuweza kuwashwa bila mkia wake, nyuma ya boti, kuzamishwa kwenye pipa la maji, isije ikaungua. Pipa lilikuwa na maji nusu tu.

"Mama Siti, hayo ni ya kunywa," mumewe alisema, akiitazama ndoo kichwani mwa Dorika.

Dorika akatua ndoo, akaimimina yote pipani.

Injini ikanguruma. Kuku wakatimka, povu jeupe likafoka, ubavu wa boti ukatetemeka kiganjani mwake kama kitu chenye roho.

Maji yakapungua. Mumewe akanyoosha mkono azime.

"Usizime, Baba Siti!"

Jirani aliyewacheka kuliko wote alikuwa anakuja mbio, ndoo yake ya maji kichwani.